Kituo cha utafiti wa usalama wa kimataifa kimenipa kazi, mjomba anasema ni majasusi. Naombeni ushauri

Kijana wa Rangi Tatu

Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana nina mpaka ijumaa kujibu na kichwa kinauma. Nimemaliza digrii ya sayansi ya siasa pale Mlimani mwaka juzi, tangu hapo nafundisha tuisheni hapa Mbagala na kuokoteza kazi za kujaza madodoso zikitokea. Mwezi uliopita mwalimu wangu mmoja akanitumia tangazo, kuna kituo cha utafiti cha chuo kikuu kimoja cha nje (jina niliache) kinashughulika na usalama wa kimataifa na sera za dunia, wanataka watafiti wasaidizi wawili Watanzania kwa miezi saba. Kazi ni kuhoji wavuvi na watu wa majahazi kuanzia Feri hapa, Kilwa, Lindi mpaka Msimbati kule Mtwara, kuhusu hali ya usalama baharini na mpakani na Msumbiji. Nikaomba, nikahojiwa kwa video, nimepata na malipo ni mazuri kuliko chochote nilichowahi kushika.

Tatizo liko nyumbani. Mjomba aliyenilea ni mwanajeshi mstaafu, mtu mpole sana, hajawahi kunikataza kitu. Barua akaisoma mara mbili, akavua miwani, akasema hawa ni majasusi, chuo gani cha kufundisha watoto kinataka kujua jahazi lipi linatoka Msimbati usiku na limebeba nini. Mama hasemi kitu ila namuona. Na mimi nikilala najiuliza, maana kweli miaka minne yote nimesoma nadharia za mahusiano ya kimataifa lakini sijawahi kumuona mtu anayefanya hiyo kazi anaamka asubuhi anafanya nini.

Hivi hivi vituo vinafanya nini hasa? Wanachoandika kinasomwa na nani? Na mvuvi wa Msimbati anapata nini? Anayejua kwa kukaa huko naomba aniambie ukweli, mzuri au mbaya.

Binti Upanga

Hongera mdogo wangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujasaini. Nilisoma masta nje nikabaki mwaka na nusu kwenye kituo cha aina hiyo, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Usifikirie jengo lenye waya na walinzi. Ni ghorofa moja tu ndani ya chuo, vyumba vidogo, maprofesa, wanafunzi wa PhD, mabalozi na makanali waliostaafu wanaokuja kukaa mwaka mmoja kuandika, na kila wiki kuna semina mchana, mtu anasimama na andiko lake anaulizwa mpaka jasho linamtoka. Kinachofanya hivi vituo viwe tofauti na idara ya kawaida ni kwamba vinakalisha meza moja watu ambao kwa kawaida hawakutani. Kile cha Stanford kule California, CISAC, kilianza 1983 na waanzilishi wake walikuwa Sidney Drell, mwanafizikia, na John Lewis, mtaalamu wa siasa za China, na ikawa ndio desturi yao, wakurugenzi wawili, mmoja wa sayansi mmoja wa siasa. Kwa sababu bomu la nyuklia huyu wa siasa hajui linatengenezwaje na huyu wa fizikia hajui kwa nini kiongozi fulani analitaka mpaka yuko tayari nchi yake ilale njaa.

Sasa kazi yenyewe. Huyo Lewis alijenga uhusiano na Wakorea Kaskazini kwa miaka mingi sana. Januari 2004 akaenda Yongbyon, kituo chao cha nyuklia, na Siegfried Hecker, mtu aliyewahi kuongoza maabara ya Los Alamos, kule kule lilikotengenezwa bomu la kwanza. Wakorea wakawaletea plutoniamu, metali ya kutengenezea bomu, ndani ya chupa ya kioo, yaani kama ya jemu, Hecker akaomba aishike mwenyewe ili asikie uzito wake na joto lake, kwa sababu ile kitu ni nzito kupita kawaida na ina uvuguvugu, mtu aliyeishika maisha yake yote humdanganyi. Novemba 2010 wakarudi tena, safari hii wakaoneshwa ukumbi wa mashine za kurutubisha urani, ambayo nayo inaweza kutengeneza bomu, wakaambiwa ziko 2,000, wakati dunia ilikuwa bado inabishana kama kitu hicho kipo kweli. Hecker akarudi nyumbani akaandika ripoti mwezi ule ule akaiweka wazi kila mtu asome. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya hivi vituo, wale hawakwenda kwa niaba ya serikali, walikwenda kama watu wa chuo, na mlango ambao balozi asingefunguliwa wao walifunguliwa.

Mfano mwingine ni 1991, Soviet inavunjika, maelfu ya silaha za nyuklia ghafla zimebaki kwenye nchi nne badala ya moja. Kituo cha Harvard, ambacho leo kinaitwa Belfer, wakakaa wakaandika ripoti ya haraka kuonesha hatari iko wapi, maseneta wawili Sam Nunn na Richard Lugar wakaitumia kwenye kusukuma sheria ya fedha za kusaidia kuziondoa na kuziharibu, mwaka huo huo ikapita. Kufika mwisho wa 1996 Kazakhstan, Ukraine na Belarus hawakuwa tena na kichwa hata kimoja cha nyuklia, vyote vilirudishwa Urusi. Sisemi ripoti ndio iliyafanya yote, ila ilikuwa mezani siku waamuzi walipokaa.

Kwa hiyo swali lako la nani anasoma: wanasoma washauri wa mawaziri, watu wa UN, waandishi, wanafunzi. Mvuvi hasomi. Hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu mwaka na nusu wote sikuona karatasi yetu hata moja ikitafsiriwa kwenye lugha ya watu tuliowahoji.

Mzee wa Kiluvya

Mwanangu, mjomba wako usimuone mshamba. Dada hapo juu ameeleza upande mzuri na ni kweli tupu, ila na huu upande upo. Kituo cha mambo ya kimataifa cha MIT, chuo kikubwa kabisa cha Marekani, kilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 50 sehemu ya fedha zake zilitoka CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, na ziliendelea kuingia mpaka 1966 chuo chenyewe kilipoamua kuachana nazo. Hiyo siyo stori ya kijiweni, imo kwenye historia yao wenyewe. Kwa hiyo mtu aliyeingia jeshini kwenye miaka ya 70 akisikia chuo, fedha za nje na mpaka wa Msumbiji kwenye sentensi moja, lazima masikio yasimame.

Na hapa Dar wazee wa umri wangu tuna sababu ya ziada. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilizaliwa hapa hapa Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikaa hapa kuanzia 1963 mpaka 1994 kazi ilipoisha. Mji huu ulijaa wapigania uhuru, na waliowafuatilia pia walijaa. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu kwenye nyumba moja Oysterbay, kikamlipukia. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nakumbuka watu wazima walivyokuwa wanaongea kwa sauti ya chini barazani na sisi tukifika wananyamaza. Na yule Mondlane, nataka uliweke hili moyoni, kabla ya kuja kuongoza vita alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Syracuse huko Marekani, na kabla ya hapo alifanya kazi ya utafiti Umoja wa Mataifa. Msomi aliyetoka huko huko akaja kufanya kazi ya watu wake. Ndiyo maana siwezi kukwambia usiende.

Ila uliza fedha inatoka wapi. Kituo kinachojiheshimu kinaandika wafadhili wake hadharani, mfuko gani, wizara gani. Wakikuzungusha kwenye hilo, rudisha barua yao na umshukuru mjomba.

Mdodosaji

Nina miaka tisa kwenye kazi za kudodosa, nimezunguka mikoa kumi na kitu. Naomba niongelee neno moja tu maana naona linaweza kukuharibia kazi yote kabla haijaanza, nalo ni USALAMA.

Wenzetu wakiandika jina la kituo chao lina neno la usalama wanamaanisha vita, silaha, mipaka, wakimbizi, chakula, mambo mapana. Wewe ukishuka Feri saa kumi na moja alfajiri ukamwambia mtu hujambo natoka kituo cha usalama wa kimataifa, ameshasikia "usalama", kwa Mtanzania mtu wa usalama ni mtu wa usalama, unajua mwenyewe nazungumzia nani. Atakujibu kila kitu ni shwari kabisa, bahari shwari, mpaka shwari, serikali inafanya vizuri, na utaenda kujaza dodoso zuri ambalo halina hata tone la ukweli. Nimeona timu nzima imekaa wiki mbili inakusanya "shwari".

Alafu kuna swali lao lile la "unajisikia salama kiasi gani, kuanzia moja hadi tano". Mama ntilie wa Buguruni akiulizwa hivyo anakuambia habari za vibaka na panya road. Mvuvi anakuambia injini yake ya boti iliibiwa, au upepo wa kusi mwaka huu ulivyokuwa mbaya, au meli kubwa zinazokata nyavu. Hakuna anayekuambia habari za sera ya dunia, na wote wamejibu sawasawa kwa Kiswahili, swali ndilo lilikuja limevaa nguo ya kwingine. Mimi nikiwa na nguvu ya kusema huwa naomba tuliache hilo neno kabisa, tunauliza "kitu gani kilikufanya mwaka huu usitoke baharini siku ambayo ulitaka kutoka?" Hapo mtu anaongea nusu saa bila kusimama, na humo ndani mpaka unakuja wenyewe, boti ngeni zinakuja zenyewe.

Kwa hiyo mdogo wangu ukienda, usikubali kupewa dodoso lililotafsiriwa huko huko. Waambie wakulipe wiki mbili za kulijaribu Feri na Kunduchi kwanza. Ukiweza hilo tu umeshafanya kazi kubwa kuliko profesa wao.

Na usidharau kuhesabu. Kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, unaohesabu waliokufa kwenye mapigano dunia nzima, kwao mgogoro wa silaha unaingia kwenye daftari ukifikisha vifo 25 kwa mwaka, na kuna watu kazi yao ni kusoma habari moja moja kutoka kila nchi. Takwimu zile ndizo mashirika makubwa yananukuu. Sasa jiulize habari iliyotoka kwa Kiswahili tu, kwenye gazeti dogo au redio ya jamii ya kusini, inafikaje Uppsala kama hakuna Mswahili wa kuisoma?

Mwana Mikindani

Mimi niko Dar siku hizi lakini kwetu ni Mikindani na nina ndugu wengi maeneo ya mpakani. Nitasema bila kumung'unya. Tangu wapiganaji waanze kushambulia Mocímboa da Praia, upande wa Msumbiji, Oktoba 2017, na hasa baada ya Oktoba 2020 walipovuka mto Ruvuma wakaingia Kitaya, kijiji cha Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba, watafiti wamekuja na wamekuja tena. Shangazi yangu amehojiwa mara tatu. Mara ya kwanza alilia mbele ya yule binti aliyekuwa anaandika, akaambiwa pole, akasaini karatasi ya ridhaa ambayo haijui, wakapiga picha ya nyumba wakaondoka. Mpaka leo hajui maneno yake yaliandikwa wapi. Siku moja nikamuuliza akaniambia "mwanangu wale walikuja kuchukua".

Simzuii kijana. Namuomba tu kitu kimoja, aandikishe kwenye mkataba kwamba kazi ikiisha anarudi kwenye vijiji vile vile na karatasi mbili tu za Kiswahili, au hata bila karatasi, akae chini ya mwembe awaambie tulisikia hivi na hivi, hiki tumekiandika, hiki tumekiacha. Nauli ya basi mpaka Mtwara hailingani na bei ya tiketi moja ya profesa. Na majina ya watu na ya majahazi yasiandikwe popote, hata kwenye simu yako. Mtu anayeonekana ametoa taarifa kule anaweza kupata shida pande zote mbili, wewe ukiwa umesharudi Mbagala.

Fundi Baraka

Chukua kazi. Miezi saba ya mshahara na jina lako kwenye ripoti siyo kitu cha kuacha. Ila hakikisha jina lako litakuwepo kweli, siyo "tunawashukuru wasaidizi wetu".

Dada wa Kunduchi

Nimesita kuandika lakini acha niandike. Kaka yangu alikuwa Kongo kwenye kile kikosi cha UN cha mashambulizi, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kilichoundwa 2013. Yeye alirudi mzima Mungu ashukuriwe. Shambulio la Semuliki la tarehe 7 Desemba 2017 liliua wenzake, miili 14 ililetwa hapa Dar tukaenda Upanga kuaga. Watu walilia siku ile, na wengi tuliishia kusema ni mapenzi ya Mungu.

Baadaye UN wakafanya uchunguzi, matokeo yakatoka Machi 2018, na kaka ndiye aliyenisomea. Kumbe ujumbe ule wa UN haukuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwaondoa vijana pale kambini, kulikuwa na mapungufu ya mafunzo, ya amri na uongozi, ya ndege, ya taarifa za kiintelijensia. Nilikasirika sana. Lakini nilikasirikia kitu ambacho sasa kina jina, na kitu chenye jina mtu unaweza kukidai kirekebishwe. Kama siyo watu kukaa kuuliza maswali na kuandika ningebaki na mapenzi ya Mungu tu, ambaye naamini hakupanga wakose helikopta.

Kwa hiyo mwambie mjomba, kwa heshima zote za mwanajeshi, kwamba wenzake walioko kambini leo wanahitaji mtu anayejua Kiswahili aandike vizuri hali ya kule kusini. Vijana wetu walikwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na kikosi cha SADC kuanzia 2021, kikosi kimeondoka 2024, mpaka umebaki pale pale. Asipoandika wa kwetu ataandika mwingine kwa kukisia.

Kijana wa Rangi Tatu

Shikamooni wazee wangu, na dada zangu asanteni, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimeyasoma yote kwa sauti jana usiku, mjomba akiwa kwenye kiti chake, nikamsomea na la mzee wa Kiluvya kuhusu MIT, akatikisa kichwa akasema "si nilikwambia". Alafu nikamsomea la dada wa Kunduchi akanyamaza muda mrefu. Kumbe mmoja wa wale 14 alikuwa mtoto wa mtu aliyekuwa naye Kagera 1979. Hakuwahi kutuambia.

Leo asubuhi nimewaandikia wale wa kituo, nimeuliza vitu vinne, fedha inatoka wapi, data ghafi itakaa wapi na nani ana ruhusa ya kuifungua, jina langu litakuwa kwenye ripoti au la, na kama kuna bajeti ya kurudi vijijini. Wamejibu ndani ya masaa matatu. Wafadhili wameniorodheshea, ni mifuko miwili na baraza la utafiti la nchi yao, hakuna wizara ya ulinzi, na wamenionesha mahali yalipoandikwa kwenye ripoti yao ya mwaka. Data inakaa chuoni, majina tunayafuta kabla haijatoka Tanzania. Jina langu litakuwepo. La kurudi vijijini wamesema "ni wazo zuri, tutaangalia". Hapo nimekwama.

Mwana Mikindani

Usikubali "tutaangalia". Waandikie tena, waambie weka namba ya siku na namba ya vijiji. Wakishindwa wao, niambie, mimi na wenzangu wa Mtwara tulioko Dar tutachanga nauli yako, nasema kweli. Ila waulize wao kwanza, ni deni lao.

Binti Upanga

Namuunga mkono. Na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, je? Utafiti ukiongozwa na mgeni lazima kiwepo, na ukifika Mtwara unaanza ofisi ya mkuu wa mkoa, wilaya, kata, ndipo mwenyekiti wa kijiji. Usishuke Msimbati na dodoso mkononi bila barua, utalala kituoni.

Kijana wa Rangi Tatu

Dada kibali wanacho, nimeomba nakala nikaione mwenyewe. Kuhusu kurudi nimewaandikia tena jioni hii: vijiji sita, siku kumi, mwezi wa saba. Nimewaambia bila hiyo sisaini. Mkono ulikuwa unatetemeka kubonyeza kutuma, maana hiyo hela naihitaji.

Mjomba amechukua lile dodoso la majaribio walilonitumia, amekaa nalo barazani na kalamu nyekundu. Swali la tatu, lile la "unajisikia salama kiasi gani", amelikata lote. Kaandika pembeni: "Muulize mara ya mwisho alilala baharini lini, na kwa nini."

Mdodosaji, jumatatu alfajiri naenda Feri kujaribu. Ukiwa na nafasi tukutane pale mnadani, upande wa wauza pweza.

Mdodosaji

Nitakuwepo saa kumi na moja. Njoo bila begi la chuo na bila kitambulisho shingoni, tununue samaki kwanza.